Mahindi Yakifika Mdomoni

Jumanne, 4 Machi

Daftari hili nimepewa leo na dada Hasifa, mtaalamu wa matamshi wa watoto kule kliniki Busia, ili niandike kila neno atakalosema binti yangu Cindy hadi mvua hizi ziishe. Cindy alitimiza miaka minne mwezi wa kwanza. Maneno yake ni manne: papa, mama, maji, na "tuu", ambalo tunaamini ni kuku. Nilimwambia Hasifa daftari la kurasa tisini na sita ni kubwa mno kwa kazi hiyo. Akasema, "Mzee, kurasa zitakazobaki jaza mwenyewe. Naona huna shida ya maneno."

Amenijua mapema. Mimi Ignatius Oundo, miaka hamsini na mitatu, ninakula kwa mdomo kwa maana zote mbili, na tumbo langu ni shahidi. Kazi yangu ni kuwajazia madereva wa malori makaratasi ya mizigo pale mpakani Malaba, na asiyejua kubembeleza ofisa wa forodha atalala njaa. Kwamba mtu kama mimi amepata mtoto asiyesema ni utani wa soko zima.

Ilibidi pia nikiri kosa la Kiingereza. Mwenzangu wa kazi, Dancan, alinishauri mwaka ulipoanza: mtoto anasikia Kisamia cha baba, Kiteso cha mama, Kiswahili cha jirani, amechanganyikiwa, chagua lugha moja, tena ya shule. Nikatangaza sheria. Nyumbani ni Kiingereza tu. Sasa, Kiingereza changu ni cha fomu, na cha mke wangu Roselida ni cha kuuzia vitunguu. Siku ya kwanza tulisema "come, eat" tukawa tumemaliza. Siku ya tatu tulikuwa tunaonyeshana chumvi kwa kidole. Wiki sita nyumba yangu ilinyamaza kama ofisi ya forodha siku mtandao umekatika.

Hasifa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. Alisema lugha nyingi hazimfungi mtoto ulimi. Kimya ndicho kinachomchelewesha. Ongeeni lugha mnayoota nayo. Piga magoti, uso wako uwe mbele ya uso wake. Ukimwosha, sema: naosha mkono, naosha mguu. Ukimwuliza kitu, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujamjibia.

Akauliza, "Anasikia?"

"Sana. Ukitoa pakiti ya biskuti anafika mbio kabla hujaifungua."

Jibu hilo hakuliandika. Alisema daktari wa masikio huja mara moja kwa mwezi, na nafasi iliyobaki ni tarehe 22 Aprili.

Tumerudi mvua ikianza. Maneno: manne.

6 Machi

Tumepanda mahindi nyuma ya nyumba. Nilipiga magoti, nikamwonyesha Cindy mbegu, nikahesabu. Nilifika tatu nikaanza kumweleza habari za mbolea. Maneno: manne.

7 Machi

Radi imepiga jioni karibu na kanisa. Ng'ombe wa jirani amekata kamba, Roselida ameangusha sahani, na mimi, kwa kuwa daftari ni la ukweli, nimeruka. Cindy hakukunja hata uso. Shujaa wa babake. Maneno: manne.

11 Machi

Mama mkwe amefika kutoka Amukura kutusaidia kulea, maana Roselida hushinda sokoni.

Kwa watu wetu, wangu Wasamia na wake Wateso, mambo mengi tunabishana ila hili tunakubaliana: mimi na mama mkwe hatupeani mkono, hatuli chumba kimoja, hatutazamani machoni, na akiwa ameketi mkekani mimi siingii. Tukiwa na neno tunalipitishia kwa mtoto. "Mtoto, mwambie baba yako hivi." Baba anajibu, "Mtoto, mwambie bibi yako vile." Wote wawili tumeshasikia, lakini heshima imekaa mahali pake.

Shida ni kwamba mtoto wetu wa kupitishia ni Cindy.

"Cindy, mwambie papa yako viatu vyake vimejaza tope nyumba."

"Cindy, mwambie tata nimesikia." Tata ndiyo bibi kwa Kiteso.

Cindy alisimama katikati, akimtazama huyu mdomoni, kisha yule mdomoni, kama mtu anayetazama mpira bila kujua goli liko wapi. Mama mkwe alimtazama muda mrefu. Akasema, si kwangu wala kwa mtoto, "Huyu amefungwa."

Maneno: manne.

15 Machi

Mahindi yameota. Mvua. Maneno: manne.

18 Machi

Kliniki. Hasifa amenikataza kumpa Cindy katuni za simu. Cindy amelia, na mimi karibu nimsaidie. Kisha akauliza, "Huwa anawatazama midomo mkiongea?"

"Sana. Ana heshima."

Hilo aliliandika, akalipigia mstari chini. Sikupenda ule mstari.

24 Machi

Kila asubuhi mama mkwe humpeleka Cindy shambani, humsimamisha kando ya shina moja la mstari wa kwanza, hutazama, kisha wanarudi. Leo mahindi yamefika kifundo cha mguu cha Cindy. Nadhani anamfundisha kilimo. Ni vizuri, mimi sikufundishwa, ndiyo maana nilikimbilia kalamu.

Maneno: manne.

30 Machi

Mahindi: chini kidogo ya goti la Cindy. Mvua haijapumzika siku tisa. Maneno: manne.

2 Aprili

Leo tumezika mtoto wa mtaa wa juu, miaka miwili na miezi. Mchungaji alisema ni malaria. Kwenye foleni ya chai walisema jingine, vikombe vikiwa mbele ya midomo: mtoto alichelewa kusema, akapelekwa kukatwa kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na damu ikakataa kusimama. Baba yake alikuwa anazungukazunguka akiuliza watu kama wamepata mkate.

Nimerudi nikaketi barazani. Mama mkwe alikuwa ndani mkekani, mlango uko wazi, Cindy kwenye kizingiti kati yetu.

"Cindy," nikasikia, sauti ya upole kabisa, "mwambie papa yako yule mtoto alikatwa kabla ya wakati. Mzee Ekisa hawezi kufanya hivyo. Ekisa hungoja mahindi ya kwao yafike mdomoni mwa mtoto. Hapo ndipo anakata, na kidonda kinapona na mahindi."

Kwa mara ya kwanza tangu nipewe daftari hili nilihesabu hadi kumi. Sikuwa nimekusudia.

Roselida aliporudi nilimvutia kwenye banda la kuku.

"Rose, mama yako anampima mtoto wangu kama fundi nguo."

"Mimi nilikatwa nikiwa kama yeye. Na ninaongea."

"Hilo hakuna anayebisha."

Hakucheka. "Miaka minne, Baba Cindy. Wenzake wanaimba kanisani, yeye anatazama midomo yao. Wewe una Hasifa na kuhesabu kumi. Mama angalau ana kitu cha kufanya."

"Angoje tarehe ishirini na mbili. Siku ishirini tu."

"Mwambie."

"Nimwambie vipi? Ni mama mkwe!"

"Basi," akasema Roselida, akaokota mayai mawili akaingia ndani.

Miaka ishirini na tano nimeongea na maofisa, polisi, madereva wa nchi sita, hata jambazi mmoja ambaye tuliagana vizuri. Na kwa mwanamke huyu mmoja, mwenye urefu wa bega langu, sina hata njia ya kuanzia.

5 Aprili

Nimempigia shemeji Ikapel, kaka yake Roselida, amwambie mama yao. Amesema Pasaka ikiisha atakuja tukae chini. Pasaka ni tarehe ishirini. Mahindi: goti.

6 Aprili

Mbolea ya kukuzia nimempa jirani yetu Sharlyne, mama mwenye umri mdogo aliye na kijana Zephaniah wa miaka mitatu. Alishukuru sana. Zephaniah ni mtoto mzuri, mtulivu, hasumbui mtu. Nimewaangalia nikarudi nikatazama mahindi yangu ambayo sitayawekea kitu. Mkulima gani huyu anayeomba shamba lake lidumae?

10 Aprili

Halikudumaa. Mvua na jua kwa zamu, ardhi nyeusi. Majirani wamenipongeza. Mahindi: kiuno cha Cindy. Maneno: manne.

13 Aprili

Wembe mpya nilioununua jana haupo. Nimemwuliza Roselida. Nimeuliza hewani, ili anayepaswa kusikia asikie. Nimemwuliza hata Cindy, ambaye alinitazama mdomo, akaweka kidole chake juu ya midomo yangu, akakiacha hapo.

Mahindi: kitovu, na kipande.

15 Aprili

Kliniki. Nimemwambia Hasifa yote. Alimmulika Cindy kinywani kwa tochi, akaniita nione. "Hiki hapa. Kinahusika na kumeza. Hakijawahi kumzuia mtoto kusema, na kukikata hakujawahi kumpa mtoto neno. Kunaweza kumpa damu nyingi, kunaweza kumpa usaha na pepopunda. Ulimi wake pia uko sawa, ona, anaunyoosha. Mwambie mama mkwe."

"Dada yangu, siwezi kumwambia."

"Kwa nini?"

Nikamweleza desturi. Yeye ni binti wa Kiislamu, mzaliwa wa mjini Busia, alinisikiliza bila kunidharau. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo katika hiyo nyumba, anayepaswa kuongea kwa niaba ya wakubwa ni mtoto asiyeongea."

Mahindi: kifua.

17 Aprili

Mvua kutwa. Mahindi: kwapa. Maneno: manne.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Kanisani Cindy alikaa mapajani mwa bibi yake. Mama mkwe alimkanda koo kwa kidole gumba, taratibu, ibada nzima.

Mahindi: shingo.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika nikipumzika kila mstari.

Mtandao wa forodha ulizima saa nne asubuhi. Malori yalipanga foleni hadi nisikoona mwisho. Siku nyingine ningebaki nikipiga soga na madereva. Leo niliondoka. Nilisema naenda kunywa chai, lakini miguu ilikuwa inajua.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Nilipita nyuma. Kando ya lile shina la mstari wa kwanza tope lilikuwa na nyayo mbili ndogo, zimeelekea mahindi, maji hayajazijaza. Jani la juu lilikuwa limekunjwa chini, kama mtu anavyokunja ukurasa wa kitabu alipofika.

Sharlyne alikuwa anaanua nguo. "Wametoka kitambo kidogo, Baba Cindy. Tata amebeba jogoo mweupe. Cindy amevaa lile gauni la Pasaka, amependeza!"

Kwa Mzee Ekisa ni karibu na mto, mwendo wa nusu saa. Kijana wa bodaboda aliniambia, "Mzee, njia imeoza, tutaanguka." Tukaanguka mara mbili. Mara ya pili nilimwacha akiinua pikipiki nikakimbia, kama mimi ninaweza kuitwa mtu anayekimbia.

Kwa kweli nilitarajia pango na mafuvu. Nilikuta nyumba safi ya mabati, kalenda ya Kanisa ukutani, na mzee mpole mwenye kofia ya sufu akinawa mikono kwa sabuni. Jogoo mweupe amefungwa mguu kando ya mlango. Kwenye bakuli la maji moto kulikuwa na kijiko cha mti na wembe wangu. Niliujua kwa karatasi yake iliyowekwa kando, imekunjwa vizuri.

Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa amekivua, Cindy amembana katikati ya magoti. Cindy alikuwa amenipa mgongo.

Nikasimama mlangoni. Niandike tu: nilisimama. Mwanangu yuko hatua tano kutoka kwangu na wembe uko majini, na mimi mguu wangu ulikataa kuvuka kizingiti kwa kuwa mama mkwe yuko mkekani kichwa wazi. Mama mkwe aliniona akajifunika uso kwa leso.

"Karibu, mkwe," akasema Mzee Ekisa. "Hatutakawia."

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kile. "Cindy! Cindy, mwambie tata asubiri! Mwambie!"

Cindy hakugeuka.

"Cindy!"

Nilipiga ule mlango wa bati kwa kiganja, kwa nguvu zangu zote. Ulilia kama radi. Mzee Ekisa alidondosha kitambaa. Jogoo alirusha mabawa. Mama mkwe aliruka mpaka leso ikamwanguka usoni. Cindy alikuwa anachezea kifungo cha gauni lake la Pasaka, ametulia, kama mtu aliye peke yake ndani ya nyumba.

Ndipo nikaiona ile radi ya karibu na kanisa, na shujaa wangu asiyekunja uso. Na pakiti ya biskuti, ambayo ni nyekundu, na macho yake ni mazuri. Na kidole juu ya midomo yangu.

Nikavuka kizingiti. Nikapiga magoti kwenye mkeka, tope langu lote, nikamtazama mama mkwe machoni. Ana macho ya kahawia. Sikuwa najua.

"Mama," nikasema, "mtoto hajafungwa ulimi. Hasikii. Umeona mwenyewe. Hajatusikia, mama, sisi sote, tangu mwanzo. Hata ukimkata nini, utakuwa unamkata mtu asiyesikia."

Mvua ilikuwa juu ya mabati. Mama mkwe akainua mkono, akaupeleka nyuma ya kichwa cha Cindy, karibu na sikio, akapiga vidole. Mara moja. Mara ya pili. Akahamia sikio la pili.

Alifungua magoti yake. Mtoto akageuka, akaniona, akasema, "Papa," kama kawaida, kwa ile sauti yake ya chini ya maji.

Mzee Ekisa alimwaga maji ya bakuli nje. "Jogoo mchukue," akamwambia mama mkwe. Hakuonekana kukasirika. Nyuma yake, kwenye benchi, niliona kina mama wengine wawili wakingoja, wamewapakata watoto wao. Niliwaambia na wao. Mmoja alisimama akatoka. Mwingine aligeuza uso.

Roselida nilimkuta ameketi jikoni na kapu lake halijauzwa. "Nilijua ni leo," akasema. "Sikuweza kumkataza mama, na sikuweza kutazama. Nilienda sokoni nikakaa tu." Nilitaka kumkasirikia. Lakini nani kati yetu alisimama mlangoni?

20 Aprili, Pasaka

Mama mkwe amerudi kwao alfajiri. Hakuaga. Kumkanyagia mkeka si jambo dogo. Maneno: manne.

Jumanne, 22 Aprili

Daktari wa masikio amechungulia upande huu, upande ule. Masikio yote mawili yamejaa maji mazito ndani, nyuma ya ngoma, huenda tangu zile homa za mwaka wa kwanza. Anasikia kama mtu aliyezama: hata mlio mkubwa humfikia hafifu, maneno hayafiki. Dawa kwanza, kisha huenda atawekewa vijibomba vidogo vya kutolea maji hayo. Hasifa amesema, "Sasa ndiyo tunaanza. Na mzee, usimweleze mtu kwamba ni haraka." Amesema pia kila mtoto anayechelewa kusema aanzie masikioni, kabla ya jambo lingine lolote. Nimemwuliza mbona hakuniambia hivyo mwezi wa tatu. Amesema, "Nilikuuliza."

Kweli. Aliniuliza, na mimi nikamjibu habari za biskuti.

3 Mei

Mvua imemsombea Sharlyne mbegu zote. Amepanda upya na ile mbolea yangu. Maneno ya Cindy: matano. La tano ni "bado".

21 Mei

Vijibomba viliwekwa juzi. Leo mwewe amelia na Cindy ameshika masikio akalia. Roselida amemlilia. Mimi nilikuwa na kitu jichoni. Maneno: sita.

2 Juni

Nahesabu hadi saba siku hizi. Maneno: tisa.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe amerudi, na jogoo yule yule mweupe, hai. Ameketi jikoni, mimi barazani na hindi la kwanza la kuchoma. Hakuna aliyesema habari ya mkeka. Baadaye nikasikia akimwita mtoto, nikajua bila kutazama kwamba amepiga magoti, maana magoti yake hulia. Alisema neno moja, akangoja. Alingoja muda ambao mimi ningekuwa nimeeleza safari nzima ya Mombasa.

Cindy alitoka. Alisimama mbele yangu.

"Papa," akasema. "Tata. Fuliya."

Nikaingia nikaitoa sufuria ya rafu ya juu, na mfuniko wake. Ujumbe wa kwanza kupita katika nyumba hii kwa desturi yake. Nikaandika: maneno kumi na mawili.

Nilidhani anataka kupika. Mama mkwe alivuka ua na sufuria mkononi, akaingia kwa Sharlyne, nami nikasimama kuangalia. Zephaniah alikuwa katikati ya mahindi yale yaliyopandwa upya, amewekwa kando ya shina la mstari wa kwanza. Sharlyne alikuwa amechutama mbele yake, akitazama. Jani la juu lilikuwa limemfika kidevuni.

Mama mkwe alimzunguka mtoto kimyakimya hadi nyuma ya mgongo wake. Akainua mfuniko, akaupiga.

Kuku wakatawanyika. Sharlyne aliruka. Roselida akatoka jikoni. Cindy wangu, akichelewa kidogo, akageuza kichwa.

Zephaniah aling'oa jani akalitia mdomoni.

Mama mkwe alipiga tena. Kisha akasimama na sufuria ikining'inia, akatazama juu ya mahindi yote yale, akanitafuta, akanitazama machoni.

"Baba Cindy," akasema, bila kupitia kwa mtu. "Yule Hasifa anakaa kliniki siku gani?"

"Jumanne, mama."